Mwaka Asumini Alipoanza Kuuliza

Mwalimu Leokadia tulimzika Lionja, nyumbani kwao, siku ya mvua ndogo isiyoamua kunyesha wala kuacha. Nilitoka Ruangwa alfajiri, nikafika jeneza limekwisha kutolewa nje na kina mama wamejipanga kwenye mikeka, wengi wao walimu wastaafu wenye miguu iliyovimba kama yangu inavyoanza kuvimba. Mimi ni Mwislamu, yeye alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari mpaka shanga zikapauka, lakini pale kaburini nililia kuliko ndugu zake, hata shangazi yake mmoja akaniinamia akaniuliza taratibu mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia nilikaa naye nyumba moja, tukifundisha, kwa mwaka mmoja. "Mwaka mmoja tu?" akasema, akanitazama kama mtu anayelia kupita kiasi. Sikuwa na namna ya kumweleza palepale kwamba nimefundisha maisha yangu yote ya utu uzima, nimezunguka shule baada ya shule, na bado mwaka ule ndio ninaoupimia mingine yote, na kila nikipima naona mingine imepunguka. Tangu mazishi yale unanijia hata nikiwa na chaki mkononi mbele ya watoto. Ndiyo maana nauandika.

Nilipangiwa kijiji kimoja cha kata ya Kilimarondo nikiwa bado msichana, chuo cha ualimu nimekimaliza juzi tu. Nyumba ya walimu ilikuwa moja iliyogawanywa pande mbili. Upande mmoja alikaa mwalimu mkuu na mkewe, upande wa pili tukakaa Leokadia na mimi. Ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, kwa hiyo tuliishi kama watu wa chumba kimoja wanaojifanya hawasikiani. Mke wa mwalimu mkuu akikohoa, Leokadia alikuwa akimwambia pole bila kuinua sauti. Sebule yetu ilijaa magunia ya mbaazi za Leokadia, na tulikuwa tukila tumeyaegemea, ugali wa muhogo na kisamvu kilichotwangwa na karanga, siku nyingine ming'oko ya kuchemsha ambayo wanafunzi walituletea wakitoka kuichimba porini. Leokadia alikuwa amenizidi umri kama dada mkubwa anavyomzidi kitindamimba. Alikuwa mpole, mchapakazi, na alifundisha kama mtu anayepepeta mchele usio wake. Aliandika ubaoni, watoto wakanakili, akafuta, akaandika tena. Usiku wangu wa kwanza aliniwekea mboga nyingi upande wangu wa sahani akasema, "Kula, mdogo wangu. Ila hapa usije ukapapenda sana." Nilidhani anazungumzia upweke.

Darasa la saba ndilo nililopewa kwa hesabu na sayansi. Lilikuwa darasa lenye heshima ya kutisha. Niliuliza, "Mmeelewa?" wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" na sauti ile ilikuwa nzuri mpaka siku niliposahihisha madaftari nikaona hakuna aliyeelewa chochote. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya shuleni. Nyumbani huyu alisema Kimwera, yule Kimakua, mwingine Kiyao, na kati ya wale waliotoka familia zilizovuka kutoka Msumbiji wapo waliokuwa wakitafsiri kila neno kichwani kabla ya kufungua mdomo, na wakimaliza kutafsiri swali limeshapita. Kwa hiyo walinyamaza. Halafu walisinzia. Nilifundishwa chuoni kwamba mtoto anayesinzia darasani ni mvivu au mgonjwa, na wiki za kwanza niliwasimamisha ukutani, wakasinzia wamesimama. Mwezi wa tatu ulipoanza, mahindi yakiwa yameanza kubeba, nusu ya darasa ilikuwa inalala saa mbili asubuhi. Nikaweka chaki chini nikamuuliza Rashidi, mvulana mrefu wa dawati la nyuma, usiku anafanya nini. Akajibu neno moja tu. "Tembo."

Lile neno liliwaamsha kama maji ya baridi. Yule wa mbele akasema kwao walifika wawili, mwingine akasema si wawili, ni watatu na mtoto. Msichana mmoja akaeleza jinsi bibi yake alivyopiga debe mpaka likatoboka, akakosa neno la Kiswahili akalisema kwa Kimakua, na wenzake watatu wakagombania kunitafsiria. Walikuwa wakilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mazao, kila usiku, watoto wale, na asubuhi walikuja kwangu kusimamishwa ukutani. Nilikaa kwenye kona ya meza nikawasikiliza mpaka kengele ikalia, na sikuwa nimefundisha kitu. Jioni, kupitia juu ya ukuta, nilimsikia mwalimu mkuu akimwambia mkewe, "Huyu binti wa chuo leo amepiga soga kipindi kizima." Mkewe akasema, "Nilisikia watoto wanacheka, nikadhani mmefunga shule." Leokadia alinitazama akatabasamu, kisha akalificha tabasamu lile kwenye tonge la ugali, kana kwamba amejikuta anakula kitu kisicho chake.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja aliyekulia karibu na mbuga, ambaye siku moja, kwa kutupumzisha tu, alituambia kwamba ukizungusha kamba kwenye alama ya unyayo wa mbele wa tembo, kisha ukauzidisha urefu wa kamba ile mara mbili, utapata kimo cha tembo mwenyewe mpaka begani. Sikuwa nimelifikiria tena jambo lile. Siku iliyofuata nilichukua kamba ya kisima nikalitoa darasa zima mpaka shamba la kina Asumini, lililokuwa nyuma tu ya kiwanja cha mpira, ambako tembo walikuwa wamepita usiku. Asumini alikuwa msichana mwembamba mwenye kidevu kilichochongoka, ambaye mpaka siku ile sikuwahi kusikia sauti yake nje ya lile kundi la "Ndiyo, mwalimu". Baba yake, Mzee Saidi, alikuwa akiinua mabua yaliyolala, moja moja, akiyashindilia udongo shinani kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Alitukaribisha. Tukatafuta unyayo wa mbele uliokaa vizuri, Rashidi akapiga magoti akazungusha kamba, tukapima, tukazidisha kwa mbili, kisha tukarudi shuleni tukachora kimo kile kwa mkaa kwenye ukuta wa nje wa darasa. Ilibidi Rashidi asimame juu ya dawati. Watoto walirudi nyuma wakautazama ule mstari. Walikuwa wakiwasikia wanyama wale gizani maisha yao yote, na hapo ndipo walipomwona mmoja kwa kipimo. Halafu kikazuka kicheko na ubishi, kila mmoja akitaka kusimama chini ya mstari aone tembo anamzidi kwa kiasi gani, na bila kuambiwa wakaanza kutoa, kimo cha tembo kutoa kimo changu, wakiandika vumbini kwa vidole.

Katikati ya zogo lile Asumini alinisogelea. Alinyoosha mkono kwanza, ingawa tulikuwa nje. "Mwalimu," akasema, "na kama udongo ulikuwa umelowa? Mguu ukizama, si alama inapanuka? Basi tembo wetu ni mfupi kuliko huyu wa ukutani." Sikulijua jibu, na hilo pia lilikuwa geni kwao, mwalimu asiyejua. Nikamwambia, "Tutajuaje?" Akafikiri, akasema tukanyage sisi wenyewe, penye matope na penye udongo mkavu, mtu yuleyule, tupime. Kesho yake tulikanyaga. Asubuhi nzima darasa la saba lilikanyaga matope, likapima, likaandika, na ikaonekana Asumini amesema kweli, tukafuta mstari wa ukutani tukauchora upya chini kidogo. Mtu ambaye hajafundisha hawezi kujua maana ya kuufuta ule mstari. Nimepata shukrani kutoka kwa maofisa na nimewahi kupewa kanga ya Siku ya Walimu, lakini malipo niliyopata katika kazi hii ni ule uso wa Asumini wakati mstari unafutwa kwa sababu yeye ameuliza.

Tangu hapo walikuja kabla ya kengele. Walichora ramani ya mashamba yote ya kijiji na njia za tembo, wakagundua kwamba kila mwezi unapokuwa mwembamba tembo hupita penye mbuyu ulioanguka, wakaandika insha ndefu za Kiswahili kibovu na kitamu kuhusu madebe, pilipili zilizochomwa, na mbwa wasio na maana. Kutoka kwa tembo tukaenda kwenye muhogo, kwa nini mwingine mchungu na mwingine mtamu, na kwenye nyuki, na kwenye maji ya kisima. Asumini aliuliza kila kitu. Alikuwa akinifuata mpaka mlangoni kwetu akiuliza, na Leokadia alimkaribisha ndani, akampa uji, akabaki akimsikiliza akiwa ameshika mwiko hewani. Siku moja Asumini alipoondoka, Leokadia alisema, "Huyu mtoto ana njaa." Nikacheka, nikasema ameshakunywa bakuli mbili. Hakucheka.

Mwezi wa nne tembo walirudi kwa wingi, na hesabu yetu yote ya njia zao haikuwazuia hata mmoja. Tulijua watapita wapi, na walipita palepale. Shamba la Mzee Saidi lilikwisha. Mahindi yaliliwa, muhogo ukang'olewa, ufuta ambao tembo hali ulikanyagwa hadi ukawa kama jamvi. Nilipokwenda kuwapa pole, mama yake Asumini alinipikia majani ya kunde matupu, akaomba radhi kwa kukosa ugali, na nilikula kwa aibu kwa sababu kukataa kungekuwa aibu kubwa zaidi. Asumini alikuja shuleni kesho yake kama kawaida. Niliuliza darasani nani ana swali, na mkono wake ukawa wa kwanza. Aliuliza kama tembo wanajua kuwa wanatutia njaa. Nilisema sidhani kama wanajua. Akaandika jibu langu.

Mtihani wa majaribio wa wilaya ulipofanyika katikati ya mwaka, shule yetu iliyokuwa ikishika mkia ilipanda, na Asumini akawa wa kwanza katika kata nzima. Mwalimu mkuu, ambaye tangu mwezi wa tatu alikuwa akiniambia kwamba mtihani hauulizi tembo, aliitisha mkutano wa wazazi kwa furaha. Alivaa koti. Alimwalika mtendaji wa kata. Aliwaambia wazazi kwamba zamani kijiji hiki kilikuwa na bahati kikipata mtoto mmoja wa kwenda sekondari, lakini sasa nafasi zipo, kila atakayefaulu atachaguliwa, na kwa kuwa sekondari ya kata bado ni msingi na matofali, watakwenda Nachingwea mjini. Mtendaji akasimama baada yake, mtu mnene aliyeongea huku akijipangusa jasho, akasema jambo moja alilodhani ni la kutusaidia. Mzazi ambaye mtoto wake atachaguliwa na asimpeleke, atakamatwa. "Hakuna msamaha," akasema. "Mtalala ndani." Sisi walimu tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha. Wazazi walikaa kimya kile cha heshima, kile nilichokuwa nimekizoea darasani, na nilipaswa kukitambua.

Mwishoni mwa mwezi wa nane nilikwenda kwa kina Asumini mchana mmoja kumpelekea penseli za mtihani. Nilipitia nyuma, jikoni, kama mgeni aliyezoeleka. Mama yake alikuwa akitwanga, aliponiona mchi ukakaa juu bila kushuka. Upande wa mbele wa nyumba walikuwa wakiongea wanaume wawili. Mmoja alikuwa Mzee Saidi. Mwingine alikuwa kaka yake mama Asumini, mjomba mtu, aliyetoka Mkotokuyana, na huku kwetu kusini neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake halipingwi kirahisi. Mzee Saidi alikuwa Mmakua na shemeji yake Mmwera, kwa hiyo waliongea Kiswahili, na kwa sababu hiyo tu mimi nilielewa.

"Mtihani atafanya," alisema mjomba. "Asipofanya watauliza. Afanye, lakini ajaze vibaya. Kila swali, vibaya."

"Mtoto ana akili, shemeji," alisema Mzee Saidi.

"Ndiyo maana nakwambia kila swali."

Nilitokeza mbele. Sikupanga kutokeza, miguu ilinipeleka. Mjomba alitazama pembeni, lakini Mzee Saidi alisimama akanipa kigoda chake mwenyewe, akabaki amechuchumaa.

"Umesikia, mwalimu."

"Nimesikia, baba Asumini."

"Afadhali. Sikuwa najua nikwambie vipi." Alifikicha udongo kati ya vidole. "Akifaulu, jina lake linakwenda kwa mtendaji. Nisipompeleka, nafungwa. Nikimpeleka, nampeleka na nini? Shamba umeliona, umelipima mwenyewe na kamba. Wewe umewafundisha watoto kuwapima tembo. Mimi tembo wamenipima wao."

Nikamwambia Asumini atakaa kwangu, nitamnunulia sare, nitaomba uhamisho wa kwenda mjini ili akae nami asiwe msichana wa kupanga chumba peke yake. Niliongea haraka, nikiruka kutoka ahadi moja kwenda nyingine. Mjomba alinisubiri nimalize, na aliponijibu hakuwa na ukali.

"Mwalimu, kwako ni wapi? Hiyo nyumba ni ya serikali. Wakikuhamisha mwakani wakupeleke Kigoma, mtoto wetu utamwacha na nani? Si utasema ni kazi?"

Jikoni mchi ukaanza tena kutwanga. Nimewachukia watu wengi kwa jambo lile, mtendaji, mwalimu mkuu, serikali, tembo, lakini wanaume wale wawili sikuweza kuwachukia ingawa nilijaribu kwa miaka. Mzee Saidi alinisindikiza mpaka njia panda, akanishukuru kwa penseli.

Siku iliyofuata nilimkuta Asumini akifagia darasa peke yake. Nikafunga mlango. Nilimwambia najua alichoambiwa, na kwamba kalamu itakuwa mkononi mwake, si mkononi mwa mjomba. Aliendelea kufagia mpaka akafika miguuni pangu, akasimama, fagio limeegemea paja.

"Mwalimu, baba akifungwa, nani atalala kwenye dungu?"

"Mjomba wako yupo."

"Mjomba anakaa Mkotokuyana."

"Asumini, unataka kusoma au hutaki?"

Ni swali baya kuliko yote niliyowahi kumwuliza mwanafunzi. Alilifikiria kwa uaminifu, kama alivyofikiria maswali yangu yote, na machozi yakamtoka bila uso kukunjamana. "Nataka," akasema. Kisha akainama akaokota takataka kwa mikono, akatoka nazo nje.

Siku za mtihani sisi walimu wa shule haturuhusiwi kukaribia. Walikuja wasimamizi kutoka kata nyingine na mgambo mmoja. Tulikaa ndani na Leokadia, tukisikia ukimya wa darasa kutoka mbali, na Leokadia akapika maharage kwa nazi, chakula cha sikukuu, ambacho hakuna aliyekigusa. Nilimweleza yote. Aliendelea kukoroga. "Nilijua," akasema. "Kila mwaka wapo. Wale wenye akili ndio wanaoambiwa, wasio na akili hawana haja ya kuambiwa." Nikamwuliza kwa nini hakunionya. Akafunika sufuria, akakaa juu ya gunia la mbaazi. "Nikuonye vipi, mdogo wangu? Ulikuwa umefurahi. Tangu nije hapa sikuwahi kumwona mwalimu aliyefurahi. Nikasema acha niangalie." Halafu akaniambia kwamba na yeye, alipokuwa mgeni, aliwafundisha watoto wa hapa nyimbo na maigizo, na alikuwa na msichana wake, Mwanahawa. Hakuniambia Mwanahawa aliishia wapi. Upande wa pili wa ukuta mke wa mwalimu mkuu alikohoa, na kwa mara ya kwanza Leokadia hakumwambia pole.

Jioni ya siku ya pili, watoto walipotoka, niliwasubiri njiani. Walipita wakiimba kama wanavyoimba watoto waliomaliza shule. Asumini alikuwa nyuma yao.

"Umefanyaje?" nikamwuliza.

"Nimemaliza yote, mwalimu."

"Hesabu?"

"Zote." Alitazama mikono yake. "Ilikuwa kazi. Ili nikosee kila moja, ilibidi kwanza nipate jibu lenyewe."

Matokeo yalipokuja, wavulana wachache walichaguliwa, Rashidi akiwa mmoja wao. Hakuchaguliwa msichana hata mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikimlilia mmoja, kumbe wasichana wote walikuwa wameambiwa, nyumba kwa nyumba, na wote walitii. Katika hesabu Asumini hakupata hata swali moja. Anayekisia hupata mawili matatu. Kukosa yote ni lazima ujue. Mwalimu mkuu aliita kikao, akasema shule imepanda na kuporomoka kwa sababu ya michezo, na kwamba mwaka ujao darasa la saba litanakili na kukariri. Akaagiza ukuta wa nje upakwe chokaa. Nilijaribu kueleza habari ya wazazi, akanikatiza, "Hayo tunayajua, mwalimu Salima. Tunazungumzia ufundishaji." Mwezi wa kwanza barua yangu ya uhamisho ikafika, Ruangwa. Mjomba alikosea wilaya tu. Asumini hakuja kuniaga. Walisema ameposwa Lionja, kwa kijana mwenye mikorosho. Leokadia alinibebea sanduku mpaka kwenye lori, akanishikisha kifurushi cha ming'oko ya moto, na lori lilipowasha akasema kwa sauti ya chini, "Ukifika huko ufundishe taratibu."

Nimefundisha taratibu. Nimekuwa mwalimu mzuri kwa namna ambayo maofisa hupenda, watoto wangu wanafaulu kiasi, na ninapomwona mmoja anaanza kuwaka, ninamtazama kama mtu anayetazama kibatari karibu na nyasi kavu. Mambo yamebadilika, lazima niseme hivyo. Ada imefutwa, sekondari zimejengwa. Lakini kila mwaka kuna wasichana wawili watatu wanaotoka kwenye chumba cha mtihani wakiwa wametulia mno, nami huwa sithubutu kuwauliza.

Katika arobaini ya Leokadia nilirudi Lionja. Baada ya misa tulikuwa tukimenya viazi kwenye ua, na mwanamke mmoja mwembamba, kanga imefungwa shingoni, akaja akakaa karibu nami, akachukua kisu. Alikuwa amemenya viazi vingi kabla sijakitambua kidevu kile. Tulishikana mikono yenye maji ya viazi, hatukukumbatiana. Aliniambia yule wa mikorosho waliachana, baba yake alifariki, na sasa anauza chakula Ruangwa, kwa wachimbaji wa madini. Alikuja kwenye arobaini kwa sababu Mwalimu Leokadia alikuwa akimpa uji. Ana binti, anaingia darasa la tano. Ametazama, shule ya karibu naye ni ile ninayofundisha mimi.

Niliweka kisu chini kwa furaha. Nikasema, "Mlete, Asumini. Nitamchukua darasani kwangu mwenyewe."

"Ndilo nililotaka kukuomba, mwalimu," akasema. "Asikae darasani kwako."

Aliendelea kumenya, ganda likishuka jembamba, refu, bila kukatika.

"Wenzangu tuliomaliza nao waliolewa, wakasahau. Mimi sijasahau. Nikiweka maji jikoni, nauliza kwa nini yanaanza kuchemka pembeni. Nikiona wale wachimbaji wanashuka, nataka kujua chini kuna nini, na kwa nini kule na si hapa. Hakuna wa kumwuliza. Nikimwuliza mwanaume ananiona nina kichaa. Miaka yote hii, mwalimu. Haikomi." Akatupa kiazi kwenye beseni. "Ulitutia njaa, halafu ukahama."

Nilimwambia sasa sekondari ni bure, hakuna wa kumfunga mtu, binti yake anaweza kufika mbali. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kama mjomba wake alivyonisikiliza.

"Labda," akasema. "Akifika, atafundishwa kuuliza hukohuko. Nataka akikatwa njiani asiumie."

Binti mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ua na watoto wenzake. Sikumwita. Niliogopa angenijia na swali.

Jumatatu nilimwendea mwalimu mkuu wetu ofisini, nikamwomba mwanafunzi mpya wa darasa la tano apelekwe mkondo wa pili, kwa mwalimu mwingine. Alishangaa, kwa kuwa wazazi wengi huomba watoto wao waje kwangu. Akaniuliza sababu. Nikamwambia darasa langu limejaa.